Fomu Iliyobandikwa Mlangoni

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa mbalimbali, mjini Machakos

 Tuliombwa tuseme jinsi raia wa kawaida anavyoweza kuyafuatia matokeo ya uchaguzi usiku ule ule yanapotoka, hasa pale wagombea wawili wanapokabana koo. Sisi ni mawakili, na mazoea ya wakili ni kuanza na vifungu vya sheria. Leo hatutaanza huko. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti 2017 tulikuwa watu tisa ndani ya chumba kimoja hapa mjini. Tulikuwa na redio mbili, televisheni ndogo, simu zetu, daftari la shule na birika la chai iliyokwisha kupoa. Kaunti yetu ilikuwa imemchagua gavana siku hiyo. Wagombea walikuwa zaidi ya wawili, lakini kila mtu alijua shindano lenyewe ni la nani na nani: Dkt. Alfred Mutua wa Maendeleo Chap Chap, aliyekuwa akikitetea kiti, na Bi. Wavinya Ndeti wa Wiper, aliyekuwa amemfuata kwa kura mwaka 2013. Hatukuwa wa upande mmoja chumbani mle. Mmoja wetu alikuja amevaa kofia ya chama chake, nasi tukamwomba aivue aiweke chini ya kiti, akakubali kwa shingo upande.

Kila idadi iliyotufikia tuliiandika. Ajenti alipiga simu kutoka shuleni, tukaandika. Redio ilitangaza jumla ya jimbo, tukaandika. Televisheni ilionyesha tarakimu chini ya picha, nazo tukaziandika. Saa tatu usiku mgombea mmoja alikuwa mbele kwa mbali. Saa sita alikuwa mbele yule mwingine. Ilipokaribia saa kumi alfajiri, karani wetu, ambaye ni mwalimu wa hisabati, aliiweka kalamu chini akatuambia kwamba katika jimbo moja tumepata kura nyingi kuliko watu walioandikishwa huko.

Tulikuwa tumehesabu kituo kimoja mara tatu: mara moja kwa simu ya ajenti, mara ya pili ndani ya jumla iliyotangazwa redioni, na mara ya tatu kwa tarakimu za televisheni. Tena tulikuwa tumechanganya vituo vyenyewe. Sheria haikubali zaidi ya wapiga kura 700 katika kituo kimoja, kwa hiyo shule moja kubwa ya msingi yaweza kuwa na vituo vitano au sita, kila darasa kituo chake. Mtu akikupigia simu kukwambia kwamba katika shule fulani fulani ameshinda, mwulize, darasa lipi?

Laiti kosa hilo lingalibaki daftarini! Lakini kijana mmoja wa kwetu alikuwa ametoka nje kunyoosha miguu, na vijana wenzake waliokuwa wakisubiri barabarani wakamwuliza habari. Aliwaambia alichokiona katika daftari la saa tatu. Wakashangilia, wakapiga honi za bodaboda. Kundi la pili, lenye idadi zake kutoka chumba kingine kama chetu, likaja kuwakanusha. Wakarushiana maneno, kisha mawe, na kibanda cha mama mmoja muuza ndizi kikavunjwa. Hakuna aliyeumia sana, Mungu apewe sifa. Asubuhi tulichanga tukamnunulia mbao. Yule mwaitu alizipokea, akatushukuru, kisha akatuuliza swali moja: hesabu yenu ilikosea wapi? Siku ile tuligugumiza maneno. Mazungumzo ya leo ni jaribio letu la kumjibu.

Kabla ya jibu, tuondoe jambo moja njiani, maana kuna ndugu aliyetuandikia kikaratasi akiuliza kwa nini sisi hatuna duru ya pili kama miji ya ng'ambo inapomchagua meya. Ni swali zuri. Mjini Chicago, kwa mfano, meya hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura, na asipopatikana wa namna hiyo wawili wa kwanza hurudi kwa wapiga kura. Mwaka 2023 duru ya Februari iliongozwa na Paul Vallas, na meya aliyekuwa kitini, Lori Lightfoot, akatolewa. Mwezi wa Aprili Brandon Johnson alimshinda Vallas kwa asilimia 52 hivi. Vallas alikubali kushindwa usiku ule ule, ingawa kulikuwa bado na kura zilizotumwa kwa posta ambazo hazijahesabiwa. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alijua ni ngapi zilizobaki na zinatoka wapi.

Sisi hapa, mpaka mabaraza ya miji yalipofikia kikomo mwaka 2013, meya hakuchaguliwa na mwananchi hata kidogo. Alichaguliwa na madiwani wakiwa wamefungiana ukumbini. Wazee waliopo hapa watakumbuka namna madiwani walivyokuwa wakifichwa hotelini siku kadhaa kabla ya kura ya meya, wakila na kunywa kwa gharama za mtu, wasije wakashawishiwa na mwingine. Katiba ya 2010 ilituletea gavana anayechaguliwa na kaunti nzima, lakini kifungu cha 180 chasema anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye aliyeshinda, hata asipofika nusu. Duru ya pili imewekwa kwa rais peke yake, katika kifungu cha 138, na haijawahi kufanyika. Imekaribia, hata hivyo. Mwaka 2013 Bw. Uhuru Kenyatta aliivuka nusu kwa kura 8,400 hivi nchi nzima. Mwaka 2022 Dkt. William Ruto aliivuka kwa kura zisizotimia 70,000 kati ya zaidi ya milioni 14. Kura 8,400, ndugu zangu, ni vituo 12 vilivyojaa. Vituo hivyo vyaweza kupatikana katika shule mbili tatu za Mavoko. Ndiyo maana twasema hesabu ya kituo kimoja si jambo dogo la kuachiwa watoto.

Sasa turudi kwa swali la mwaitu. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuidhani idadi yoyote ni matokeo, ilhali matokeo ni karatasi. Kura zikiisha kuhesabiwa mbele ya maajenti, msimamizi wa kituo huzijaza katika fomu. Kwa gavana ni Fomu 37A, kwa rais ni 34A. Yeye hutia saini, maajenti hutia saini, kila ajenti hupewa nakala, na nakala moja hubandikwa mlangoni au mahali pa wazi. Kutoka vituoni, hesabu za gavana huingia katika Fomu 37B ya jimbo, na za majimbo yetu manane huingia katika 37C ya kaunti. Sharti la kuyatuma matokeo kwa mitambo liliwekwa kwa ajili ya kura ya rais. Fomu ya gavana husafiri kwa gari, usiku, kwa barabara tunazozijua.

Wazee wetu walipigania nini ili karatasi ile ibandikwe mlangoni? Mwaka 1988 watu walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea, na mtu mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. (Mji wetu wa Mlolongo, kwa wasiojua, haukupewa jina na uchaguzi ule, jina hilo lilitoka kwa malori yaliyopanga mstari kwenye mizani. Lakini kila tupitapo pale hukumbuka.) Viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kusema hadharani kwamba kilichofanyika ni batili. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, tulipata kura ya siri, lakini masanduku yalibebwa kutoka vituoni hadi ukumbi wa kuhesabia, na kila aliyekuwa ajenti siku zile anayo hadithi ya sanduku lililochelewa njiani. Mwaka 1997 ilikuwa vivyo hivyo. Ni mwaka 2002 ndipo kura zilipohesabiwa pale pale zilipopigwa, na safari ya sanduku ikakoma.

Ikaanza safari ya hesabu. Mwaka 2007 kura zilihesabiwa vituoni, lakini jumla zilizotangazwa Nairobi hazikulingana daima na zilizotoka majimboni. Mwanasheria mwenzetu, marehemu Samuel Kivuitu, mwana wa Ukambani, aliyekuwa mwenyekiti wa tume, alimtangaza mshindi tarehe 30 Desemba, na siku chache baadaye akawaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama mtu huyo alishinda. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza mwaka 2008, ilisema kwamba uchaguzi ule uliharibiwa kiasi kwamba haiwezekani kujua matokeo ya kweli. Twaomba mlitafakari neno hilo kwa utulivu. Wenzetu walikufa kwa ajili ya hesabu ambayo hakuna aliyeijua.

Kosa letu la pili lilikuwa kuiamini skrini. Mwaka 2013 taifa zima lilitazama kura zilizokataliwa zikipanda saa baada ya saa hata zikapita 300,000, na watu wakaanza kusema kwamba duru ya pili haiepukiki. Kumbe programu ya kompyuta ilikuwa ikizizidisha kura zile mara 8. Hesabu ya fomu ilipokamilika zilikuwa 109,000 hivi. Mwaka 2017 tarakimu za rais zilianza kumiminika mara tu vituo vilipofungwa, huku fomu zenyewe hazionekani. Wapinzani walipolalamika, tume ikaeleza kwamba zile ni takwimu tu, si matokeo. Tulishangaa wakati ule, na bado twashangaa, kwamba mtu aweza kumwonyesha mwananchi tarakimu za mshindi usiku kucha kisha amwambie kwamba hazikuwa matokeo. Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi ule tarehe 1 Septemba 2017, na namna matokeo yalivyopitishwa ilikuwa kiini cha uamuzi.

Wakati huo huo, mnamo Juni 2017, Mahakama ya Rufani ilikuwa imetoa hukumu katika kesi iliyoletwa na Bw. Maina Kiai na wenzake, ikisema kwamba matokeo ya rais yanayotangazwa katika kituo cha kura ni ya mwisho; hakuna mkubwa wa Nairobi awezaye kuyarekebisha. Kama mtasahau yote tuliyoyasema leo, hiyo msiisahau. Darasa lile la shule ya msingi, lenye taa ya umeme wa jua na dawati bovu, ndilo mahali ambapo hesabu hukamilika.

Kosa la tatu lilikuwa la mpangilio, na ndilo linalowakosesha watu usingizi bure. Majimbo yetu ni Masinga, Yatta, Kangundo, Matungulu, Kathiani, Mavoko, Machakos Mjini na Mwala. Hayahesabu kwa kasi moja, wala hayapigi kura kwa moyo mmoja. Bi. Ndeti alikuwa mbunge wa Kathiani kabla ya 2013, Dkt. Mutua ni mtu wa Masii, jimbo la Mwala. Akisikia mtu vituo vya nyumbani kwa mmoja vimetangulia, atadhani mambo yamekwisha, naye hajasikia Mavoko yenye watu wengi waliotoka kila pembe ya nchi, wala Masinga iliyo mbali. Kuongoza usiku maana yake ni kwamba vituo vilivyofika vimekupenda, basi. Mwaka 2022, fomu 34A za vituo 46,229 zilipowekwa hadharani kila mtu azisome, vituo vya televisheni vilionyesha viongozi tofauti kwa saa ile ile. Watu wengi wakadhani kuna anayedanganya. Yamkini hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa ameanza kusoma fomu kutoka kona yake. Tangu siku hiyo sisi huuliza maswali mawili kabla ya kuuliza nani yuko mbele: vituo vingapi vimefika, na ni vya wapi ambavyo havijafika.

Mwishowe Dkt. Mutua alitangazwa mshindi wa 2017 kwa tofauti ya kura 40,000 hivi. Bi. Ndeti akaenda mahakamani, kama ilivyo haki yake. Hapa twaomba mtuvumilie kidogo, kwa kuwa kesi hii ni ya kwetu na ina mafunzo. Mahakama Kuu iliikataa. Mwezi Juni 2018 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uchaguzi, kwa kuwa fomu iliyotumiwa kutangaza matokeo ya kaunti haikuwa Fomu 37C kwa umbo lililowekwa na kanuni. Mwezi Desemba Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo na kumrudishia gavana kiti, ikiona kwamba dosari ya fomu haikubadilisha matakwa ya wapiga kura. Kaunti yetu ilikaa miezi sita hivi bila kujua kama ina gavana au hana, kwa sababu ya karatasi moja.

Wapo mawakili wenzetu wanaosema Mahakama ya Juu ililegeza kamba mno. Wapo wasemao ilifanya haki. Sisi twaona hivi: mahakama iliweza kusema kwamba matokeo hayakubadilika kwa sababu fomu za vituoni zilikuwapo na ziliweza kusomwa. Zisingalikuwapo, kila mtu angalibaki na kauli yake.

Na hapo tunaufikia uchungu wetu. Katika miaka hii wamewahi kuja ofisini kwetu watu walioamini kwa dhati kwamba wameibiwa. Mmoja wao, tusimtaje wala kiti alichokigombea, alikuja na hati za kiapo za maajenti zaidi ya 30, na kila mmoja ameapa kwamba aliona hesabu tofauti na iliyotangazwa. Tukamwuliza: nakala za fomu ziko wapi? Alikuwa nazo nne. Wengine walikuwa wameondoka vituoni kabla hazijasainiwa. Kwa nini waliondoka? Kwa sababu walikuwa hapo tangu saa kumi na moja alfajiri, hawajapewa chakula, nauli waliyoahidiwa haikufika, na ilipotimia saa nane usiku waliona heri wakalale. Mgombea huyo alikuwa ametumia pesa nyingi kwa fulana na malori ya muziki. Tulimweleza kwamba ana siku 28 za kuwasilisha kesi na kwamba viapo bila fomu ni upepo. Alilia mezani kwetu. Mpaka leo hatujui kama aliibiwa, na yeye pia hajui, na hilo ndilo linalouma zaidi.

Kwa hiyo, mkitaka kuyalinda matokeo, anzeni na tumbo la ajenti. Makanisa yana akina mama wanaojua kulisha watu 300 kwenye mazishi kwa notisi ya siku moja. Hayawezi kushindwa kupeleka uji na mkate katika madarasa. Tena tusichanganye mambo: mgombea ndiye anayewajibika kumlipa ajenti wake, nasi tusigeuke kuwa hazina ya chama chochote. Lakini mtazamaji wa kanisa, yule asiye na chama, ni mzigo wetu wenyewe. Mwaka 1997 Baraza la Makanisa, Tume ya Haki na Amani ya Wakatoliki na taasisi ya elimu ya demokrasia ziliungana kupeleka watazamaji wa humu nchini katika vituo, na wengi wao walikuwa walimu na wazee wa kanisa. Tusingoje wageni wenye vizibao kutoka ng'ambo. Mgeni huondoka siku ya tatu.

Ajenti ajue pia haki zake. Akiona hesabu haimridhishi, aweza kuomba kura zihesabiwe tena papo hapo, lakini si zaidi ya mara mbili. Akikataa kutia saini, kukataa kwake peke yake hakuyafuti matokeo. Afadhali aandike sababu zake kwenye fomu kuliko kutoka kwa hasira na kuuacha uwanja. Na kura za rais huanza kuhesabiwa, kwa hiyo anayengoja ya gavana ajitayarishe kukesha. Asinywe chochote zaidi ya chai.

Na wale tutakaokaa vyumbani na daftari? Tuliutazama tena utaratibu wetu mwaka 2022, siku ambayo Bi. Ndeti alichaguliwa kuwa gavana, na tulifanya tofauti. Hatukuandika idadi yoyote isiyokuja na picha ya fomu. Juu ya kila mstari tuliandika jina la shule na namba ya darasa, ili kisirudiwe. Redio tuliizima baada ya taarifa ya saa nne, jambo lililotugharimu mzozo mkubwa kuliko siasa yenyewe. Na mlango tuliufunga kwa ufunguo: aliyetaka kutoka nje alitoka, lakini aliliacha daftari, na hakuruhusiwa kusema chochote barabarani ila kwamba hesabu inaendelea. Kulipopambazuka tulikuwa na theluthi moja tu ya vituo tulivyovitaka. Hatukumtangaza mtu.

Mmoja wenu ametuuliza kabla hatujaanza: na msimamizi wa kituo akikataa kubandika fomu? Mwombeni kwa adabu, mbele ya mashahidi, mkimtajia kwamba kanuni yamlazimu. Akizidi kukataa, andikeni saa, namba ya kituo na majina ya waliokuwapo, kisha mje ofisini asubuhi ile ile, si baada ya wiki tatu. Hatutawatoza ada ya kusikilizwa.

Daftari la kujiandikisha liko pale karibu na mlango, kwa Bi. Katibu. Andikeni jina, kanisa, na shule iliyo karibu na nyumbani kwenu, na kama mnaweza kutembea usiku au la. Kufikia sasa tuna majina ya kutosha kwa Machakos Mjini na Kangundo. Kwa Masinga tunao watu saba tu.